Kweli au Si Kweli: Bendi ya Jazz, Mwimbaji Wake na Orodha ya Nyimbo

Barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kidatu inapita chini ya milima ya Vidunda, ikigusa Kidodi na Ruaha kabla ya kufika kwenye mashamba ya miwa. Wakazi wa ukanda huu hawana asili moja. Wapo Wavidunda wenyewe, Wasagara, Wapogoro na Wahehe, wapo pia watoto na wajukuu wa watu waliofuata kazi ya miwa Kilombero na ya mkonge Kilosa. Ongeza watalii wanaolala Mikumi kwa ajili ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Bendi yenye mwimbaji inayotafuta riziki hapa itapiga harusi Jumamosi, hoteli katikati ya wiki, na wakati wa Nanenane itatamani kupata nafasi Morogoro mjini.

Kwa hiyo swali la nyimbo zipi zipigwe si dogo. Ndilo linalozua ugomvi mazoezini kuliko hata mgawo wa fedha. Na kila mpigaji ana lake alilolisikia kwa mkubwa wake na kulishika kama sheria. Tuyapime madai hayo moja baada ya jingine.

Dai la 1: "Jazz yetu ni jina tu, haihusiani na jazz yenyewe."

Nusu kweli. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944. Baadaye zikaja Atomic Jazz ya Tanga, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz na Urafiki Jazz. Hakuna hata moja iliyopata sifa kwa kupiga kama Duke Ellington. Zilikuwa bendi za dansi: magitaa, ngoma, mara nyingi na tarumbeta na saksafoni, na waimbaji mbele.

Lakini undugu upo, na umepitia Cuba. Sahani za santuri za nyimbo za Kicuba zilifika Afrika Mashariki na kuwapa vijana wa pwani na bara rumba, bolero na cha-cha. Huko Marekani nako, mwaka 1947, Dizzy Gillespie alimwingiza mpiga ngoma Mcuba, Chano Pozo, katika bendi yake ya jazz. Mto mmoja ulimwagilia mashamba mawili. Ndiyo maana "Afro Blue" ya Mcuba Mongo Santamaría, iliyorekodiwa 1959 na kutiwa maneno mwaka huohuo, inaweza kukaa kwenye orodha moja na wimbo wa Cuban Marimba ya Morogoro bila msikilizaji kushtuka. Bendi ya jazz ya hapa ina haki ya kuchota kote kuwili.

Dai la 2: "Mwenye nyimbo nyingi ndiye mwenye mchanganyiko."

Si kweli. Piga hesabu. Wimbo wa dansi unaopigwa ukumbini, wenye sehemu ya kuimba na sehemu ya kuchemka, hauishi chini ya dakika sita. Awamu ya dakika 45 inabeba nyimbo saba tu. Awamu tatu ni nyimbo 21, na hapo usiku umekwisha. Bendi inayojivunia nyimbo mia, themanini zikiwa rumba ya mwendo wa kati katika ufunguo uleule, ina wimbo mmoja wenye majina themanini.

Mchanganyiko hupimwa kwa mambo matano: mwendo, mapigo, ufunguo, maudhui na nani anaongoza. Nyimbo 25 zinazotofautiana katika hayo matano zitaishika hadhira ya Kilosa hadi alfajiri. Pia zinafanyiwa mazoezi zikaiva, jambo ambalo nyimbo mia hazipati.

Dai la 3: "Wimbo upigwe katika ufunguo uliorekodiwa, la sivyo unaharibika."

Si kweli, na dai hili limeua sauti nyingi. Ufunguo wa rekodi ulichaguliwa kwa koo la mtu mmoja. Wimbo aliouimba mwanamume kwa raha ukimpa mwanamke, mara nyingi atalazimika kuimba chini kabisa, asisikike mbele ya magitaa, au apande oktava nzima na kupiga kelele. Dawa yake ya kawaida ni kuupandisha wimbo hadi noti ya nne au ya tano ya skeli. Uliokuwa C unakuwa F au G.

Njia ya kupata ufunguo ni nyepesi. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo. Mwimbaji aiimbe mara kumi mfululizo, akiwa amechoka, mwisho wa mazoezi. Akiifikia bila kukunja uso, ufunguo ni huo. Asipoifikia, shusha. Usipime asubuhi akiwa ametoka kulala, wala usipime kwa mara moja.

Upande wa wapulizaji nao una haki zake. Wapiga gitaa hupenda E kwa sababu ya nyuzi wazi. Lakini gitaa likiwa E, mpiga tarumbeta anajikuta kwenye F kali na mwenye saksafoni ya alto anaangukia C kali, funguo zenye alama tele. Pandisha wimbo nusu sauti tu hadi F: tarumbeta inapata G, alto inapata D, na wote wanapumua. Mpiga gitaa afunge kepo kwenye kituo cha kwanza, mkono wake utacheza yaleyale aliyozoea.

Dai la 4: "Mwimbaji aimbe kila wimbo, ndiyo kazi yake."

Si kweli. Awamu tatu za kuimba mfululizo humaliza sauti ya mtu kabla ya saa sita usiku, na wiki ijayo ana harusi nyingine. Katika kila awamu weka wimbo mmoja wa ala tupu, na mwingine unaoongozwa na mpigaji mwenye sauti ya kufaa.

Bendi zetu za zamani zililijua hilo. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyejiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la solo kwa pamoja. Koo likipumzika, vidole viliendelea kusema. Vijana Jazz ilikuwa na Hemedi Maneti, na kwa wakati fulani ikawa na Kida Waziri pia, sauti ya kiume na ya kike katika bendi moja. Kupokezana namna hiyo kunabadilisha rangi ya muziki hata pale mwendo unapobaki uleule. Bendi yenye mwimbaji mmoja tu inaweza kupata kitu hicho kwa kuipa saksafoni ubeti mzima ambao mwimbaji angeuimba.

Dai la 5: "Wazee wetu walipiga rumba tu."

Si kweli kabisa. Tuanzie nyumbani, mkoani Morogoro. Mwaka 1948 Salum Abdallah Yazidu, maarufu kwa herufi SAY, alianzisha bendi aliyoiita La Paloma, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa Cuban Marimba. Jina lenyewe linaonyesha masikio yake yalikuwa wapi. Alipiga rumba, ndiyo, lakini pia cha-cha na nyimbo za taratibu. Alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza akaiongoza bendi na ushindani na Morogoro Jazz ukaendelea. Mji mmoja, bendi mbili kubwa: isingewezekana zote mbili zipige kitu kilekile na bado kila ukumbi ujae.

Ushindani huo ndio uliozaa mitindo. Morogoro Jazz walikuwa na Sululu na Likembe. Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic Jazz na Kiweka, Tabora Jazz na Segere Matata. Mlimani Park, iliyoundwa 1978, iliita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na wapinzani wao wa bendi ya Juwata wakashika Msondo. Kila mtindo ulikuwa na mpangilio wake wa gitaa la rithimu, ngoma zake na uchezaji wake. Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, alitoka na mtindo mpya wa Masika. Hakuondoka na sauti ya bendi ya zamani mgongoni.

Somo kwa bendi ya leo: ukichukua nyimbo tano za Mbaraka, usizipige zote kwa mdundo mmoja uliouzoea. Sikiliza ngoma na rithimu ya kila moja. Tofauti unayoitafuta mbali imo humo.

Dai la 6: "Mapenzi ndiyo yanayochezeka. Mengine weka redioni."

Si kweli. "Shida" ya Mbaraka imebeba jina la taabu, na ni miongoni mwa nyimbo zake zilizouzwa sana Kenya. "Expo 70" inatokana na safari ya Morogoro Jazz kwenda kwenye maonyesho ya dunia Osaka, Japani, mwaka 1970. "Jogoo la Shamba" imechukua methali. Remmy Ongala aliimba "Mambo kwa Soksi" kuhusu kinga dhidi ya ukimwi, watu wakaucheza wimbo huo kumbini wakati redio ilikuwa ikiukwepa.

Wasikilizaji wetu husikiliza maneno hata wakicheza. Awamu yenye nyimbo saba za kuachwa na mpenzi huchosha, hata kama kila wimbo ni mzuri. Changanya: wimbo wa mapenzi, wa mawaidha, wa kisa chenye mwanzo na mwisho, wa utani, wa kusifu mahali. Na uangalie shughuli. Wimbo wa talaka haupigwi harusini, hata mwenye harusi akiutaka.

Dai la 7: "Kiswahili hakikai kwenye jazz."

Si kweli. Kiswahili kimezaliwa na vipimo. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, iliyogawanyika katika vipande viwili vya mizani minane. Ubeti wa mishororo minne una vipande vinane. Nyimbo nyingi za jazz za Kimarekani zina baa 32. Kila kipande kikipewa baa nne, ubeti mmoja unajaza baa zote 32 bila kubaki wala kupungua. Na kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, mwimbaji ana mahali pa kuvuta sauti popote atakapo. Mwimbaji wa Kiingereza hukutana na konsonanti zinazomfunga mdomo.

Shida iko kwenye mkazo, na hapo ndipo tafsiri nyingi huvunjika. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukitia maneno kwenye muziki uliotungwa kwa lugha nyingine, noti nzito inaweza kuangukia silabi ya mwisho, na neno la kila siku likasikika kama la mgeni. Kabla ya kuukubali wimbo uliotafsiriwa, mwimbaji ayaseme maneno kwa mdundo bila kuyaimba. Panapokwaruza, badilisha neno. Usimlazimishe msikilizaji alizoee.

Dai la 8: "Mtalii anataka 'Malaika' na 'Jambo Bwana', basi."

Nusu kweli. Watauliza, na hakuna aibu kuwapa. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa imezunguka dunia. "Malaika", wimbo unaohusishwa sana na Fadhili William wa Kenya, uliimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965, nayo ikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Wageni wengi wanaujua kabla hawajapanda ndege.

Kosa ni kudhani hawataki kingine. Mtu aliyetoka mbali kuja kuona tembo wa Mikumi hakuja kusikia kile alichokiacha hotelini kwao. Bendi za hotelini zilizojifungia kwenye kopi za Ulaya hazina kinachozitofautisha na spika ya ukutani. "Malaika" ianze kama bolero, sauti na gitaa peke yake, kisha ngoma ziingie kwa mapigo ya sita kwa nane. Baada yake weka wimbo wa Morogoro ambao mgeni hajausikia, na mwimbaji aseme sentensi mbili tu: nani aliutunga na unahusu nini.

Dai la 9: "Wimbo wa Kividunda hauna nafasi kwenye jazz."

Si kweli, ila una masharti. Bendi za baada ya uhuru ziliimba Kiswahili kwa sababu ukumbi ulijaa watu wa makabila yote na redio ilikuwa ya taifa. Hiyo ilikuwa busara, na bado ni busara kwa sehemu kubwa ya usiku. Lakini hizohizo zilichota majina na midundo kutoka kwenye ngoma za asili, kama Sikinde na Msondo vinavyoshuhudia. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki zina mapigo ya sita kwa nane au kumi na mbili kwa nane, na mapigo hayo ndiyo yanayokosekana kwenye orodha iliyojaa nne kwa nne.

Masharti ni matatu. Kwanza, muulize mzee wa Vidunda wimbo huo huimbwa lini, kwani wimbo wa unyago au wa msiba hauchukuliwi kwenda baa. Pili, mwimbaji ajifunze matamshi kwa anayeijua lugha. Tatu, wimbo mmoja au mbili katika usiku zinatosha kwa hadhira mchanganyiko. Mcheza kwao hutunzwa: upige wimbo huo Kidodi uone watu wanavyonyanyuka na noti mkononi.

Dai la 10: "Bongo Fleva na bendi ni mafuta na maji."

Si kweli. Mwaka 2015 jimbo la Mikumi, ambalo milima ya Vidunda imo ndani yake, lilimpeleka bungeni Joseph Haule, yaani Professor Jay wa hip hop. Watu wa hapa hawana chuki na muziki huo. Kinachoshindikana ni kuuiga ulivyo, kwa kuwa umetengenezwa studio, mdundo mmoja ukijirudia tangu mwanzo hadi mwisho. Uchukue sauti yake kuu na kiitikio, uupe besi inayotembea na sehemu ya saksafoni. Mmoja kwa awamu unawatosha vijana, na wazee hawatakimbia.

Dai la 11: "Wimbo wa zamani hauna mwenyewe."

Si kweli. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Kwa hesabu hiyo nyimbo zake zinalindwa hadi mwaka 2029. Ukumbi unaopiga muziki hadharani unatakiwa kuwa na leseni ya hakimiliki, na bendi inayotaka kurekodi upya wimbo wa mtu iombe ruhusa kwanza. Hata pale ambapo sheria haikufuatilii, taja jina la mtunzi jukwaani. Haligharimu kitu.

Dai la 12: "Nyimbo mbili zinazofanana zisifuatane."

Kweli. Kati ya sheria zote za wakongwe, hii ishike. Wimbo unaofuata ubadilishe angalau mambo mawili kati ya yale matano. Mfano wa awamu ya nyimbo saba:

1. Ala tupu, mwendo wa kati, ili fundi mitambo asawazishe sauti na mwimbaji apashe koo.
2. Rumba ya mapenzi katika F, mwimbaji anaingia.
3. Cha-cha ya utani katika C, wapulizaji mbele.
4. "Summertime" ya George Gershwin katika A ndogo, taratibu, sauti na besi kwanza.
5. Wimbo wa mapigo ya sita kwa nane, wa Kividunda au wa jirani zake, wote wakiitikia.
6. Wimbo wa kisa au mawaidha, ukiongozwa na mpigaji mwingine.
7. Dansi ya Morogoro yenye sebene ndefu, katika G, ya kumwaga jasho.

Hakuna wimbo hapo unaorudia uliotangulia, na mwimbaji amepumzika mara mbili.

Basi, ndugu kiongozi wa bendi, chukua orodha yako ya sasa. Mbele ya kila wimbo andika mwendo, mapigo, ufunguo, maudhui na anayeongoza. Ukiona safu moja imejaa neno lilelile kuanzia juu hadi chini, usiongeze nyimbo. Toa zinazofanana, kisha mwite mwimbaji wako muanze kutafuta upya, kwa koo lake.